Mwongozo kamili wa kukusanya chapa za zamani za kabuki, toka karatasi ya kwanza mpaka namna ya kuitunza

Wadau, kuna imani imekaa vichwani mwa watu kwamba sanaa ya kale ya Japani ni mambo ya matajiri na makumbusho tu, mtu akisikia picha ina miaka 170 anajua hapo inaongelewa bei ya kiwanja. Kwa chapa za kabuki, yaani picha za tamthilia ya Kijapani zilizopigwa kwa mbao zilizochongwa, mambo hayako hivo. Hizi picha za waigizaji wa kabuki zilichapwa kwa wingi sana, zilikuwa bidhaa ya kawaida mtaani pale Edo, mji ambao leo ndo Tokyo, na kwa sababu zilikuwa nyingi mpaka leo zinazunguka sokoni, ukijua unachotafuta unapata karatasi halisi ya mwaka 1852 kwa bei ya chini kuliko simu janja ya kawaida. Shida iko kwenye kuisoma. Asiyejua kusoma mihuri na hali ya karatasi ndo anayepigwa, anauziwa kopi ya juzijuzi kwa bei ya kitu cha zamani, au dili zuri linapita mbele yake halioni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kusoma karatasi, mambo ya kununua yanakuja baadaye na yatakuwa mepesi ukishaelewa huku mwanzo.

Hatua ya 1: elewa kitu chenyewe kabla ya kutoa hela

Kabuki ni tamthilia yenye muziki na ngoma ambayo waigizaji wake wote ni wanaume, maana wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, kwa hiyo yule binti mwenye nywele za kupambwa unayemwona kwenye picha ni mwanaume bingwa wa nafasi za kike, wenyewe wanamwita onnagata. Waigizaji wakubwa walikuwa mastaa haswa, na mashabiki walitaka sura zao nyumbani. Mchezo ukikaribia kuanza au ukiwa unaendelea wachapishaji wanatoa picha, zinauzwa haraka kabla watu hawajahamia mchezo mwingine, bei ya karatasi moja ikikaribia bei ya bakuli moja au mawili ya tambi za soba.

Jinsi ilivyotengenezwa ni muhimu sana kwako mnunuzi, naomba usiruke hapa. Mchapishaji ndo mwenye mtaji na ndo anaamua. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba, hiyo karatasi inabandikwa uso chini juu ya ubao wa mcheri wa milimani, mchongaji anafuata mistari kwa kisu na mchoro wenyewe unapotea palepale. Halafu kila rangi inachongewa ubao wake. Mchapaji anapaka rangi ubaoni kwa brashi, analaza karatasi iliyotiwa unyevu, anasugua mgongo wake kwa kifaa cha duara kiitwacho baren. Rangi kamili za namna hii zilianza kuenea mwaka 1765, kabla ya hapo kulikuwa na wino mweusi, rangi za kupaka kwa mkono, na chapa za rangi mbili tatu.

Maana yake ni kwamba hakuna mchoro mwingine wa awali umefichwa mahali, hiyo chapa ndo kazi yenyewe. Halisi ni ile iliyopigwa enzi zile kwa mbao zilizochongwa kwa ajili ya picha ile. Ikichongwa upya miaka 80 baadaye, hata kama fundi ni hodari kiasi gani na kila kitu amefanya kwa mkono, hiyo inaitwa kopi na bei yake ni ya kopi.

Hatua ya 2: chagua kona yako

Ukianza kununua kila kinachong'aa utajaza boksi lisilo na kichwa wala miguu. Chagua kipindi, au mchoraji, au mwigizaji, au mchezo mmoja. Nitapita haraka haraka kwenye vipindi.

Mwanzo kabisa kuna familia ya Torii, Torii Kiyonobu na waliomfuata, ambao walikuwa wachora mabango ya majumba ya tamthilia. Hao ni adimu, waachie makumbusho. Kisha miaka ya 1760 na 1770 Katsukawa Shunsho akaanza kuchora sura ya mwigizaji ifanane na mwenyewe, kwenye karatasi nyembamba ndefu za kama sentimita 33 kwa 15, zinaitwa hosoban. Zinapatikana bado ila nyingi zimepauka na nzuri zake ni hela nyingi. Halafu anakuja Sharaku, mtu wa ajabu sana, alitokea Mei 1794 na mapema 1795 akawa ameshapotea, kama miezi 10 tu, chini ya mchapishaji Tsutaya Juzaburo, ameacha picha zaidi ya 140, za kwanza zikiwa sura kali kwenye mandharinyuma ya ulanga unaometameta. Chapa halisi ya Sharaku ni bei ya juu sana, sasa ukiona moja inauzwa dola 90 tayari unajua ni nini.

Karne ya 19 ndo uwanja wetu. Toyokuni wa kwanza aliyefariki 1825, na wanafunzi wake Kunisada na Kuniyoshi. Kunisada, aliyeishi 1786 mpaka 1865, mwaka 1844 akachukua jina la mwalimu wake akawa Toyokuni, leo tunamwita Toyokuni III, na anakadiriwa kubuni zaidi ya picha elfu 20. Wajuzi wa zamani walimdharau kwa sababu alitoa nyingi mno, mimi naona walimwonea, mchukue Kunisada mzuri wa miaka ya 1850 weka pembeni ya chochote na uniambie kama kuna mtu alijua zaidi yake namna kitambaa kinavyokaa mwilini mwa mwigizaji. Na hiyo dharau imetusaidia, bei zake zimebaki za kibinadamu. Baada yake kuna mwanafunzi wake Toyohara Kunichika, 1835 mpaka 1900, mtu wa enzi ya Meiji iliyoanza 1868, rangi nyekundu na zambarau za viwandani zinazopiga kelele, picha za vichwa vikubwa na picha pana za karatasi tatu ambapo wakati mwingine mwigizaji mmoja anatawala upana wote. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni Kunisada wa baada ya 1844 au Kunichika. Hapo unaweza kununua, kujifunza, na kubadilisha bila kuumia.

Kona nyingine ninayoipenda kwa moyo wote ni Osaka. Huko tamthilia ilikuwa na mastaa wake na wachoraji wake, Hokushu, Hokuei, Hirosada, na karibu kazi yao yote ni kabuki. Kuanzia miaka ya 1840 nyingi ni ndogo, sentimita kama 25 kwa 18, ila uchapaji wake mara nyingi ni wa kifahari, kuna unga wa metali, kuna nakshi za kukandamizwa bila wino. Ukiwa na subira anza na Hirosada.

Na kama unataka karne ya 20, kuna Natori Shunsen aliyefanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo, mfululizo wake wa sura 36 ulitoka kati ya 1925 na 1929. Ni nzuri mno na bei yake inajua hivo.

Hatua ya 3: soma karatasi

Hapa ndo penyewe. Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Mwaka 1852 Toyokuni III alitoa mfululizo wa waigizaji kwenye vituo 53 vya Tokaido, barabara ya kutoka Edo kwenda Kyoto, kila karatasi ina mwigizaji nusu mwili mbele, na nyuma yake mandhari ya kituo, nyingi ya mandhari hizo zimechukuliwa toka kwa Hiroshige, mchoraji maarufu wa mandhari. Ulipendwa sana, ukachapwa sana, na upo sokoni mpaka leo.

Shika karatasi moja ya mfululizo huo. Ukubwa ni oban, kama sentimita 37 kwa 25, ndo saizi ya kawaida ya kipindi hicho. Juu kuna kisanduku chenye jina la mfululizo na jina la kituo. Karibu na mwigizaji kuna jina la mhusika anayemwigiza, ila jina la mwigizaji mwenyewe halipo. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1842 serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi, ilipiga marufuku picha za waigizaji kwenye zile kampeni zao za kubana anasa, na zilipoanza kurudi wachapishaji wakawa hawaandiki jina la mwigizaji, mnunuzi anamtambua kwa sura tu, hali ikaendelea hivo mpaka karibu na 1860. Kwa hiyo kutokuwepo kwa jina ni tarehe tosha, kwa kukadiria.

Sahihi iko ndani ya fremu nyembamba ndefu nyekundu iliyopindwa ncha, ndani imeandikwa Toyokuni na chini yake alama 画 yaani amechora. Hiyo fremu ni nembo ya ukoo wa wasanii wa Utagawa inayoitwa toshidama. Tafuta pia muhuri mdogo wa mchapishaji, na kwenye karatasi za kipindi hiki mara nyingine utaona kisanduku kidogo chenye jina la mchongaji, wa Yokogawa Take ni maarufu. Mchongaji kuandikwa jina ni dalili kwamba mchapishaji aliijali hiyo kazi.

Sasa mihuri ya ukaguzi. Serikali ilitaka kila picha ipitiwe kabla ya kuchapwa, na utaratibu wa mihuri ulibadilika kila baada ya muda, jambo ambalo lilikuwa usumbufu kwao ila kwetu ni zawadi. Toka 1790 hivi mpaka 1842 kuna muhuri mmoja mdogo wa duara wenye alama 極. Kuanzia 1842 mpaka 1847 muhuri mmoja wenye jina la mkaguzi. 1847 mpaka mwanzoni mwa 1852 mihuri miwili ya majina ya wakaguzi. 1852 na 1853 ile miwili pamoja na wa tatu wa tarehe, na hii ndo utaiona kwenye karatasi yetu ya Tokaido. Mwisho wa 1853 mpaka 1857 muhuri wa 改 na wa tarehe pembeni. 1858 tarehe peke yake. 1859 mpaka 1871 vyote viwili ndani ya muhuri mmoja wa duara. 1872 mpaka 1875 tarehe tena peke yake, na baada ya hapo wanaanza kuandika pambizoni tarehe kamili na jina na anwani ya mchapishaji, kwa miaka ya Meiji, hapo unajumlisha 1867 tu, Meiji 27 ni 1894.

Muhuri wa tarehe unaandika mnyama wa mwaka na namba ya mwezi. Wanyama ni 12 na wanazunguka, 1852 ni Panya 子, 1853 Ng'ombe 丑, 1854 Chui-milia 寅, 1855 Sungura 卯, 1856 Joka 辰, 1857 Nyoka 巳, 1858 Farasi 午, 1859 Mbuzi 未, 1860 Nyani 申, 1861 Jogoo 酉, 1862 Mbwa 戌, 1863 Nguruwe 亥, kisha 1864 Panya tena. Utauliza Panya wa 1852 na wa 1864 nitawatofautishaje, jibu ni idadi ya mihuri, wa 1852 ana wenzake wawili, wa 1864 yuko ndani ya muhuri mmoja. Ukikuta alama 閏 kabla ya namba ya mwezi ni mwezi wa ziada wa kalenda ya zamani, na mwaka 1852 ulikuwa na mwezi wa pili mara mbili, kwa hiyo karatasi nyingine za Tokaido zina hiyo alama, ni kitu kidogo ila kinafurahisha sana kukiona kwa macho yako.

Andika hizo tarehe kwenye karatasi moja ubandike juu ya meza, mwezi mmoja tu utakuwa unasoma bila kuangalia. Angalizo, chapa za Osaka kwa kawaida hazina mihuri ya ukaguzi, kule tarehe inapatikana kwa kutafuta mchezo gani ulichezwa lini na nani.

Hatua ya 4: mtambue mwigizaji na mchezo

Majina ya kabuki yanarithiwa, Ichikawa Danjuro wapo wengi toka karne ya 17 mpaka leo, hivyo jina bila namba na tarehe halitoshi. Nembo kwenye mavazi inasaidia kuliko kitu chochote. Miraba mitatu moja ndani ya nyingine ni ukoo wa Danjuro. Feni zenye majani ya mwaloni ni ukoo wa Onoe Kikugoro. Ukiona mtu amevaa joho la rangi ya matofali lenye mikono mikubwa ya mraba na hiyo miraba mitatu imechorwa juu yake kubwa kabisa, usoni kapaka mistari myekundu, huyo yuko kwenye mchezo wa Shibaraku. Ukiona samurai wawili wawili wamevaa majoho yenye ncha za msumeno nyeusi na nyeupe usiku wa theluji, karibu hakika ni mchezo wa Chushingura.

Kwa yasiyo rahisi tumia hazina za onlaini, zipo bure. Chuo Kikuu cha Ritsumeikan cha Kyoto kina hifadhidata kubwa ya chapa, Makumbusho ya Tamthilia ya Chuo Kikuu cha Waseda pale Tokyo yamejaa picha za waigizaji na yameandika mchezo, jumba, mwezi na mwaka wa onyesho, Makumbusho ya Sanaa ya Boston nayo yana makumi ya maelfu ya chapa za Kijapani. Na kuna saiti ya ukiyo-e.org ambayo unapakia picha uliyopiga kwa simu inakutafutia zinazofanana kutoka kwenye makusanyo mengi kwa mpigo. Hiyo ya mwisho ifungue kila siku, bila utani.

Aina moja ya kuitambua mapema ni picha za maombolezo, shini-e. Staa akifa wachapishaji wanatoa picha yake akiwa na joho la buluu iliyopauka, wakati mwingine ana rozari, na tarehe ya kifo na jina lake la marehemu vimeandikwa. Danjuro VIII alijiua Osaka mwaka 1854 akiwa kijana na mpendwa mno, zikatoka picha zaidi ya mia tofauti za kumlilia. Kuna ambazo wanawake wanagombania mwili wake usichukuliwe. Nyingi zilitoka haraka bila sahihi wala muhuri, kwa hiyo kukosa mihuri hapo isikutishe.

Hatua ya 5: pima hali na ubora wa upigaji

Haya ni mambo mawili watu wanayachanganya. Hali ni yaliyoipata karatasi baada ya kuzaliwa, ubora wa upigaji ni jinsi ilivyotoka kwa mchapaji.

Anza na upigaji. Angalia mistari ya nywele kwenye kipaji cha uso, pale nywele zinapoanzia. Ubao ukiwa mpya kila unywele unasimama peke yake, ubao ukichoka zinashikana zinakuwa doa. Angalia kama rangi imekaa ndani ya mistari yake. Angalia mpauko wa taratibu wa anga, bokashi, ulikuwa unafanywa kwa mkono na wachapishaji wabahili waliuruka kwenye matoleo ya baadaye. Kisha inamisha karatasi taa iwe ya ubavuni, utaona vitu ambavyo picha ya muuzaji haionyeshi, nakshi zilizokandamizwa kwenye kola nyeupe, mng'ao wa kusuguliwa juu ya vazi jeusi ambapo ghafla maua yanatokea na ukiirudisha sawa yanapotea. Kwa kweli hicho ndo kinachonifanya nizipende hizi chapa, na hakiskaniki.

Upande wa hali, ogopa zaidi kupauka. Nyekundu ya zamani ya beni inatokana na ua, inakufa kwa mwanga. Buluu ya zamani ya ua la tsuyukusa nayo inageuka rangi ya mchanga, na zambarau iliyochanganywa kwa hizo mbili inabaki kahawia. Bluu ya Prussia iliyoenea kuanzia miaka ya 1830 inadumu zaidi. Rangi ya chungwa yenye madini ya risasi inaweza kuwa nyeusi nyeusi, wakusanyaji wengi wanalivumilia hilo.

Halafu pambizo, zimekatwa? Kukatwa kidogo ni kawaida kabisa, kukatwa mpaka muhuri au sahihi iliwe ni sababu ya kuacha. Matundu madogo upande mmoja ni ya uzi wa albamu, wala usiyaogope, karatasi zilizolala ndani ya albamu ndo zenye rangi nzuri zaidi. Mkunjo wa katikati, matundu ya wadudu, madoa, kila kimoja kinashusha bei. Kubandikwa karatasi nyuma ni jambo la kuuliza kila mara kwa sababu inaficha matundu na inakuzuia kuona mgongo.

Hatua ya 6: kopi na feki

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha kumaliza kesi nyingi. Ukiona vidoto vidoto vya rangi ni chapa ya mashine, weka chini. Mgongoni mwa chapa ya mkono rangi imepenya na kuna alama za mizunguko ya baren, ila sikiliza, alama za baren zinathibitisha kuwa ni ya mkono tu, hazithibitishi umri, maana warsha za karne ya 20 kama Adachi na Takamizawa zilichonga upya na kupiga kwa mkono kazi za Sharaku na wenzake kwa ustadi mkubwa. Hizo kopi si feki, ziliuzwa wazi kama kopi na nyingi zina muhuri wa warsha pambizoni au nyuma, tatizo linaanza pale pambizo inapokatwa na mtu kuuza kama ya 1794.

Njia ya uhakika ni kulinganisha na karatasi ya makumbusho mstari kwa mstari. Vipande vidogo vya mistari huvunjika ubaoni, na chapa mbili za ubao mmoja zinavunjika mahali pamoja. Ubao uliochongwa upya hauwezi kurudia kila pindo la kila mstari, utakuta kona ya jicho imekaa tofauti, herufi ya sahihi imenenepa. Fungua zote mbili kwenye skrini, chukua sehemu moja ndogo, sikio kwa mfano, linganisha, kisha sehemu nyingine. Karatasi nayo inaongea, ya zamani ya mti wa kozo, wa jamii ya mforosadi, ni laini na nyuzi zake ndefu zinaonekana ukiinua kwenye mwanga, nyeupe kali na nene ngumu ni ya kutilia shaka. Kahawia ya kufanana kila mahali, mbele na nyuma, mara nyingi ni chai iliyopakwa ili ionekane ya zamani.

Hatua ya 7: kununua

Bei za kukusaidia kupanga bajeti, kwa karatasi yenye hali ya wastani mpaka nzuri. Kunichika karatasi moja dola 40 mpaka 150 hivi. Toyokuni III dola 60 mpaka 300. Seti ya karatasi tatu ya mmoja wa hao dola 150 mpaka 700. Osaka ndogo dola 80 mpaka 300. Shunsho anaanzia mamia ya dola kwenda juu. Zinapanda na kushuka kutegemea rangi na mchezo.

Mahali salama pa kuanzia ni duka la mtu anayejulikana kwa kazi hii. Tokyo kuna mtaa wa Jimbocho wa vitabu vya zamani, Hara Shobo na Ohya Shobo wako hapo, na wauzaji wa namna hiyo wanakupa tarehe, maelezo ya hali, na risiti. Unalipa zaidi kidogo ila unapata elimu. Minada ya Yahoo ya Japani ndo bei chee, mtu wa nje ananunua kupitia wakala kama Buyee au ZenMarket, huko hakuna wa kukulinda zaidi ya macho yako. Maneno ya kutafuta ni haya, 役者絵 kwa picha za waigizaji, 豊国 kwa Toyokuni, 国周 kwa Kunichika, 三枚続 kwa seti ya tatu. Ya kuangalia kwenye maelezo ni 復刻 yaani imechongwa au kuchapwa upya, 裏打ち yaani imebandikwa karatasi nyuma, 虫食い yaani matundu ya wadudu. Nakili hizo alama weka kwenye simu.

Kabla ya kulipa omba picha ya mgongo, picha ya karibu ya mihuri, na vipimo kwa sentimita. Muuzaji asiyetaka kutoa picha ya mgongo muache na karatasi yake, hata kama moyo unauma. Kwenye seti za tatu uliza kama zote ni za toleo moja, linganisha rangi ya anga pale karatasi zinapokutana, maana seti zilitawanyika na kuna watu wanaziunganisha toka sehemu tofauti. Karatasi moja iliyobaki peke yake toka kwenye seti ni ununuzi mzuri tu kama mwigizaji amekamilika ndani yake, na wachoraji wengi walipanga hivyo kwa makusudi kwa sababu ziliuzwa pia mojamoja.

Usafirishaji, sisitiza ije bapa kati ya kadibodi mbili ngumu ndani ya mfuko usiopitisha maji, bomba la kuviringisha linavunja nyuzi. Kwenye tamko la forodha iandikwe ilivyo, chapa ya asili, na umri wake, na thamani ya kweli. Sura ya 97 ya misimbo ya forodha ndo wa kazi za sanaa na vitu vya kale, chapa za asili ni 9702 na vitu vya zaidi ya miaka 100 ni 9706, muulize wakala wako wa forodha mapema ipi inafaa na ushuru ni kiasi gani, usisubiri mzigo ufike ndo uanze kukimbizana.

Hatua ya 8: kutunza, hasa kama unaishi pwani

Adui ni mwanga, unyevu, wadudu na gundi. Makumbusho huzionyesha chapa hizi kwenye mwanga hafifu wa luksi 50, na kwa miezi michache tu kisha zinalala. Nyumbani fanya vivyo hivyo, tundika moja kwa miezi mitatu mbali na dirisha, ndani ya fremu yenye kioo cha kuzuia miale ya jua, kisha irudishe kwenye boksi uweke nyingine. Kioo kisiguse karatasi, weka kadi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha katikati. Kuishikiza tumia vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano juu tu, acha chini ining'inie. Selotepu hapana. Laminesheni hapana, hapo umeiua.

Unyevu wa karibu asilimia 50 ndo unaotakiwa, sasa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja unyevu unapita hapo sehemu kubwa ya mwaka, na ukungu unaota upesi sana. Zilaze bapa kwenye mafolda ya karatasi isiyo na asidi ndani ya boksi lenye pakiti za silika, kausha au badilisha pakiti zikijaa, weka na kipima unyevu kidogo humo ndani. Boksi liwe chumba cha katikati ya nyumba, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Mifuko ya plastiki inafungia jasho ndani, kwa pwani siipendekezi kabisa. Feni ikizungusha hewa chumbani kila wakati ni bora kuliko kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi, ule mpando na mshuko wa unyevu unaifanya karatasi ivimbe na kusinyaa. Kagua kila mwezi, ukiona unga mdogo kama wa mbao au vitundu vipya itenge hiyo karatasi saa hiyohiyo. Nairobi na Arusha mna nafuu kwa unyevu, ila jua lenu ni kali, mapazia.

Usijaribu kuosha wala kufuta doa mwenyewe. Buluu ya tsuyukusa inaondoka na tone moja la maji. Doa subiri mtaalamu wa kuhifadhi karatasi, lina miaka 150 halina haraka.

Hatua ya 9: kumbukumbu

Kwa kila karatasi andika mchoraji, mwigizaji na namba yake ya urithi, mhusika, mchezo, jumba na mwezi wa onyesho, mchapishaji, mihuri, vipimo, hali, bei, umenunua wapi. Penseli laini kwenye folda, kamwe usiandike kwenye chapa yenyewe. Hifadhi risiti na picha za muuzaji za mbele na nyuma, mnunuzi wa kesho atazitaka. Pia skani mbele na nyuma kabla haijaingia boksini, na kama ni karatasi moja ya seti iliyovunjika andika ni ya kulia, ya katikati au ya kushoto, ili siku mwenzake akitokea mnadani uwe na kipimo cha rangi ya anga na mstari wa sakafu wa kumlinganisha naye.